Ubao, redio, SMS au kundi la WhatsApp: tangazo la mji mdogo lipite wapi?

Geti lilikuwa limefungwa. Nje yake walisimama watu kama 20, wengi wao wazee, kila mmoja na daftari lake la kliniki mkononi. Siku ya kupima presha na sukari tulikuwa tumeihamisha kutoka ukumbi ule kwenda shule iliyo upande wa pili wa mji, na taarifa ya mabadiliko tulikuwa tumeituma siku mbili kabla kwenye kundi la WhatsApp. Waliomo kwenye kundi walifika shuleni bila shida. Lakini karatasi tulizobandika wiki iliyotangulia zilibaki ukutani, zikiendelea kuwaita watu palepale pa zamani. Mama mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, karatasi yenu si ndiyo hii?" Ilikuwa ndiyo, na jina la kamati yetu limeandikwa chini yake.

Tangu siku ile, mtu akiniomba ushauri juu ya njia ya kutangazia shughuli za mji mdogo, sianzi kwa kumuuliza tangazo litafikia watu wangapi. Namuuliza: likibadilika, wale walioitwa mwanzo wataambiwa na nani, kwa njia ipi, na baada ya muda gani? Kuita watu, njia zote zinaweza. Zinapoachana ni kwenye kuwarudia. Ulinganisho huu nimeujenga juu ya swali hilo, na pale njia fulani ilipo na sifa au kasoro nyingine kubwa, nimeisema pia.

Mji mdogo una taabu yake ya pekee. Shughuli zake ni ndogo mno kusomwa kwenye taarifa ya habari ya taifa, na watu wake ni wengi mno kuambiana mlango kwa mlango. Katika nchi nyingi kazi hiyo ilibebwa na gazeti la hapohapo mjini. Sasa Marekani peke yake imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake tangu mwaka 2005, kwa hesabu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, na mengi ya yaliyofungwa yalikuwa ya kila wiki, yale yanayoandika baraza litakaa lini, barabara ipi itafungwa, nani kaoa na nani kafiwa. Gazeti la namna hiyo likikosekana, kazi yake inamwangukia katibu wa kamati, mwalimu, mhudumu wa zahanati, kijana mwenye simu nzuri na moyo wa kujitolea. Hao ndio ninaowaandikia.

Kabla ya yote, tenganisha habari na tukio. Habari inaeleza jambo lililokwisha kutokea: daraja limekamilika, mwalimu mkuu mpya ameripoti. Ikichelewa siku tatu kumfikia mtu, haijamdhuru sana. Tukio lina saa na mahali, na baada ya saa hiyo tangazo lake ni takataka, tena takataka inayoweza kumsumbua mtu. Njia inayofaa kwa habari si lazima ifae kwa tukio, na wengi tunakosea hapo, tunatupa vyote kwenye chungu kimoja.

Karatasi ukutani

Naanza na karatasi kwa sababu ndiyo iliyotuangusha, na bado naitetea. Karatasi haihitaji chaji, bando wala namba ya simu. Mtu anayepita njia ileile kila siku anaisoma bila kukusudia, asubuhi na jioni, na kwa kule kurudiarudia ndipo tarehe inapomkaa kichwani. Mgeni aliyehamia mjini juzi, ambaye bado hajaingizwa kwenye kundi lolote, anaiona sawasawa na mzaliwa wa hapo. Kwa uwazi, sijaona njia inayoishinda.

Mambo madogo ndiyo yanayoamua kama itasomwa. Watengeneza mabango wana kipimo chao cha makadirio: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa mtu aliye umbali wa mita 3 hivi. Ukiandika tarehe kwa herufi za ukubwa wa barua, mpita njia ataona karatasi, hataona tangazo. Kama uwezo upo, tumia A3, ambayo ni sawa na A4 mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, na nafasi yote uliyoongeza wape siku, saa na mahali. Maelezo mengine yabaki madogo.

Tarehe usiiandike kwa wino mwekundu ukidhani unaikazia. Jua hula rangi nyekundu mapema kuliko nyeusi, na wiki mbili baadaye unabaki na tangazo linalosomeka vizuri kila mahali isipokuwa pale penye tarehe. Karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji huchuruzika manyunyu yakiigusa. Iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi, ambayo hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ukashikana na karatasi, huvumilia zaidi. Kwa hiyo chapa nakala moja safi, nyingine zote zitoe fotokopi.

Sasa tuje kwenye kubadilika. Hapa karatasi ni dhaifu kuliko zote, kwa sababu huwezi kuiambia kitu ukiwa mbali. Ni lazima uifuate kwa miguu, moja baada ya nyingine. Na ukiifikia, usifute tarehe ya zamani na kuandika mpya kwa kalamu palepale. Aliyekwisha kuisoma hatairudia kuisoma, macho yake yanaitambua karatasi na kuipita. Kata kipande cha karatasi ya rangi nyingine, andika IMEAHIRISHWA au IMEHAMISHWA, ukibandike kwa mshazari juu ya tangazo, kisha tangazo jipya liweke pembeni yake. Maneno ya zamani yaachwe yasomeke chini ya kile kipande, ili anayekumbuka siku ya kwanza ajue kwamba ni hiyo hasa iliyobadilika.

Kundi la WhatsApp, na ndugu zake

Kundi lina jambo moja zuri ambalo njia nyingine nyingi hazina: watu wanaweza kuuliza, na jibu la mmoja likawa jibu la wote. "Watoto wanaruhusiwa?" "Nije na kitambulisho?" Maswali ya namna hii ndiyo yanayomfanya mtu aende au abaki nyumbani. Ubao hauulizwi, gari la matangazo halisimami. Na kwa ukubwa, kundi moja siku hizi linabeba hadi watu 1,024, idadi kubwa kwa mji mdogo ukihesabu kaya badala ya vichwa.

Lakini tazama linavyofanya kazi siku ya mabadiliko. Ujumbe uliotumwa unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15 tu. Kuufuta kwa wote una siku mbili na ushei. Muda huo ukipita, ujumbe wako wa kwanza unabaki kama ulivyo ndani ya simu za watu, na ule wa marekebisho unakuwa ujumbe wa pili unaoshindana nao. Mbaya zaidi ni nakala zilizokwisha kusambazwa kwenye makundi mengine, ya ukoo, ya kanisa, ya msikiti, ya mpira. Hizo hazisikii chochote unachokifanya huku. WhatsApp ilibana usambazaji mwaka 2019, ujumbe mmoja usiende zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukabanwa hadi mazungumzo 1 kwa mara. Hatua hizo zilipunguza kasi ya uvumi, lakini ujumbe ukishatoka, umetoka.

Ndiyo maana ujumbe wa kundi uandikwe kana kwamba utasomwa na mtu asiyekufahamu, siku usiyoitarajia. Neno ninalolipiga vita kuliko yote ni "kesho". "Kesho saa 3 asubuhi mkutano wa wazazi, usikose." Umetumwa Alhamisi, mzazi mmoja kauona Ijumaa usiku kwenye kundi la ukoo, na kwake yeye kesho ni Jumamosi. Anavaa, anakwenda, anakuta shule tupu. Andika "Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026", siku na tarehe pamoja, na mwaka. Siku na tarehe zinalindana: ukikosea moja, haziafikiani, na lazima atatokea mtu wa kuuliza kabla watu hawajapoteza safari.

Na saa. Sisi tunahesabu saa zetu tangu kuchomoza kwa jua, simu zinahesabu tangu usiku wa manane, na kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la saa 6 linaloumiza watu. Ukiandika "saa 2:00" peke yake, mmoja atasoma asubuhi, mwingine atatazama kioo cha simu na kuelewa mchana. Niliwahi kumwona mtu akiingiza "saa 3 asubuhi" kwenye kalenda ya simu kama 3:00. Simu ikamwamsha saa 9 usiku, akaizima, na saa ya mkutano ilipofika simu ilikuwa kimya. Andika daima asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele ya saa. Na kama unalituma tukio kwa njia ya kalenda ya simu, hakikisha kwa macho yako imeandika 9:00 kwa ajili ya saa 3 asubuhi.

Kuna kifaa ndani ya kundi ambacho wengi hawakitumii: kubandika ujumbe juu. Unaweza kuubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Tukio likitangazwa, libandike. Likibadilika, bandua, bandika jipya. Atakayefungua kundi baada ya salamu na picha 200 atakuta la kweli juu kabisa. Hata hivyo kubandika hakuponyi kelele. Kundi la matangazo ambalo kila mtu anaandika humo, baada ya miezi michache watu hulinyamazisha, na tangu hapo unawatangazia watu wasiosikia. Ni bora makundi mawili: moja la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika, jingine la mazungumzo.

Kisha kuna suala la namba za simu. Kila aliyemo kwenye kundi anaweza kuona namba za wenzake. Kwenye kundi la watu 900 hiyo ina maana mwanamke aliyejiunga ili ajue ratiba ya chanjo ameiweka namba yake mbele ya wanaume asiowajua. Nimeona wanawake wakijitoa kimyakimya kwa sababu hiyo, na hawasemi. Chaneli ya WhatsApp, iliyosambazwa katika nchi zaidi ya 150 mwaka 2023, inaliondoa tatizo hilo: wafuasi hawaoni namba za wenzao. Ina faida nyingine, tangazo lake linaweza kurekebishwa siku kadhaa baada ya kutoka, wala si ndani ya dakika 15 tu. Bei yake ni kwamba watu hawaulizi humo, wanaweka alama za hisia basi, na chaneli haikai pamoja na mazungumzo ya kawaida. Mtu anaifungua akikumbuka. Kwa habari za mji ni nyumba nzuri. Kwa "maji yanakatwa mchana huu" haifai.

Orodha ya kusambazia, ile inayompelekea kila mtu ujumbe wake peke yake, ina kikomo cha watu 256 na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Inafaa kwa viongozi wa mitaa na wajumbe, si kwa mji.

SMS

Vijana wananishangaa ninapoisifu SMS. Ujumbe wa kwanza wa aina hii ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu fupi ya Krismasi, na tangu hapo mpaka leo kipimo chake hakijabadilika: herufi 160. Inaingia kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, haihitaji bando, na hailali chini ya salamu 200. Kwa kubadilisha tukio sioni mpinzani wake. Inampata mtu akiwa shambani, akiwa sokoni, na inatoa mlio.

Herufi zetu za Kiswahili hazina vitone wala mikia, kwa hiyo zote 160 ni zako. Lakini weka emoji moja tu, hata ile ya mikono iliyokunjwa, na ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa kuandika herufi wenye kikomo cha 70. Ujumbe mmoja unakatika kuwa miwili au mitatu, na mtumaji analipia yote. Huu hapa ni mfano wa ujumbe ambao ungetuokoa siku ile ya geti:

"KUPIMA PRESHA NA SUKARI: IMEHAMISHWA. Si ukumbini tena. Ni Shule ya Msingi, Jumamosi 14/3/2026, saa 3 asubuhi. Bure. Mwambie na jirani."

Ukihesabu na nafasi, ni herufi 135. Zinabaki 25 za kuweka jina la shule. Angalia mpangilio: neno la mabadiliko limekuja mapema, mara tu baada ya jina la shughuli, na mahali pa zamani pametajwa ili pakataliwe. Mwenye kusoma mstari wa kwanza tu, kama wazee wengi wanavyosoma kwenye kioo kidogo, ameshajua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Udhaifu wa SMS uko kwenye daftari. Huwezi kumtumia mtu usiye na namba yake, na namba hazikusanywi siku moja. Zinakusanywa kwa miezi, kwenye mikutano, kliniki, mikusanyiko ya wazazi, mtu akiandika mwenyewe kwa hiari na akijua zitatumika kwa nini. Daftari hilo ni amana. Siku litakapompa mfanyabiashara au mgombea njia ya kuingia kwenye simu za watu, wataacha kukuamini, na hutalijenga tena.

Redio na gari la matangazo

Redio ya jamii inamfikia asiyesoma, aliye jikoni, aliye kwenye pikipiki. Wazo lenyewe lilitokana na mahitaji ya miji ya namna hii. Wachimba migodi wa Bolivia walianzisha vituo vyao mwishoni mwa miaka ya 1940, wakichangia kutoka kwenye mishahara yao wenyewe. Kwetu Afrika, Homa Bay nchini Kenya ilipata kituo chake mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Vituo vikubwa vya mji mkuu vilikuwepo tayari. Kilichokuwa kikikosekana ni sauti ya kusema kwa lugha ya pale kwamba mkutano wa pale umesogezwa.

Na kwa kusogeza, redio ni hodari. Mtangazaji anaweza kukatiza wimbo sasa hivi akasema. Tena anasema kwa sauti ya mtu, anaweza kuomba radhi, anaweza kueleza sababu, na watu wakielewa sababu hasira hupungua. Kasoro yake ni kwamba sauti hupita. Msikilizaji hana kalamu, ameshika mwiko. Basi anza na kinachofanyika na wapi, siku na saa viseme mara mbili, mara ya pili viwe neno la mwisho. Na jambo ambalo nalisisitiza kwa kila kituo kinachonisikiliza: ratiba ya shughuli za mji iwe na saa yake isiyohama, kila siku. Watu wakizoea kwamba saa 1 kasoro robo asubuhi ndipo zinaposomwa, wataifungua redio wenyewe kuhakikisha kabla hawajatoka nyumbani. Hapo huwafuati tena, wanakufuata wao.

Gari la kipaza sauti ni la siku yenyewe. Nitatoa hesabu moja tu. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, hukata mita 100 kwa sekunde 18. Tuseme aliye ndani ya nyumba analisikia vizuri likiwa mita 50 kabla ya mlango wake mpaka mita 50 baada. Una sekunde 18 naye. Ukizitumia kwa "Tangazo, tangazo, tangazo, wananchi wote mnatangaziwa", amebakiwa na nini? Tamko zima lisizidi sekunde 8, lirudiwe bila kupambwa, na dereva apunguze mwendo kwenye nyumba zilizosongamana.

Facebook na kurasa nyingine

Hapa sitakaa sana. Ukurasa wa Facebook ni mahali pazuri pa picha za tukio lililokwisha, na kwa waliohama mji, walio mbali, ni dirisha la nyumbani. Kwa tukio linalokuja, sikushauri uutegemee peke yake. Machapisho hayaonyeshwi kwa mpangilio wa tarehe, kwa hiyo mtu anaweza kuletewa tangazo la mechi siku mbili baada ya mechi. Mwaka 2018 Facebook ilitangaza kuyapa machapisho ya ndugu na marafiki nafasi kubwa kuliko ya kurasa, na kurasa za taasisi ndogo ziliumia.

Halafu ile si nyumba yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Na Agosti 2023, kampuni inayozimiliki ilipozuia habari za vyombo vya habari kwenye mitandao yake nchini Kanada kwa kupinga sheria mpya, Yellowknife, mji wa watu takriban 20,000 kaskazini mwa nchi hiyo, uliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa misitu. Watu walikuwa wakipiga picha za skrini za habari ili waweze kupeana. Ni mji mdogo kabisa, kwenye saa yake ngumu kabisa. Kwa hiyo hata kama kundi lako linafanya kazi vizuri leo, hifadhi orodha ya namba kwenye karatasi, na ujue kituo cha redio kinapigiwa simu ipi.

Kuchagua kwa kazi iliyo mbele yako

Kama ni dharura ya leo, maji, umeme, barabara iliyokatika, usipoteze muda na karatasi. SMS kwanza, redio papo hapo, gari likipatikana lizunguke. Kundi litumie kujibu maswali yatakayofuata.

Kama ni shughuli ya wiki mbili zijazo, usafi wa mitaro, mechi ya vijana, mkutano wa hadhara, karatasi na kundi vinatosha kuita. Karatasi itoke siku 10 kabla, kundi likumbushe siku tatu kabla na jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kwa mkutano unaohusu ardhi, michango au sheria ndogo, ongeza redio hata kama kundi limejaa, kwa sababu atakayekuja kusema "sikuambiwa" ana haki ya kusikilizwa, na asiyesoma yumo kati ya wanaohusika.

Kama ni jambo la kila wiki, kliniki ya Jumanne, mazoezi ya kwaya, mafunzo ya ushonaji, karatasi moja nzuri iliyofunikwa kwa nailoni ina thamani kuliko ujumbe 50. Kinachohitaji ujumbe ni ile wiki moja ambayo halitafanyika.

Mtoto aliyepotea ni kesi ya peke yake, na naomba uitafakari kabla haijakupata. Kundi ndilo lenye kasi, na kasi ndiyo inayotakiwa, kwa hiyo litumie bila kusita. Lakini picha ya mtoto itasambaa mbali kuliko mji wako, na akipatikana jioni ile, picha itaendelea kuzunguka miezi, pengine miaka, na mama yake ataendelea kupigiwa simu. Juu ya picha yenyewe, si chini yake kwenye maelezo ambayo yanaweza kuachwa njiani, andika tarehe aliyopotea na namba moja ya kupiga kabla ya kusambaza. Akipatikana, tuma picha ileile ikiwa na neno AMEPATIKANA limeandikwa kwa upana juu yake. Picha mpya haitoshi, watu hawatajua ni mtoto yuleyule.

Na kama uwezo wenu ni wa njia mbili tu, chukueni moja inayokaa na moja inayokimbia. Mimi ningechagua karatasi na SMS pale wengi wanapotumia kitochi, karatasi na kundi pale simu janja zilipoenea. Mbili zinazokimbia, kwa mfano kundi na Facebook, zitawafikia watu walewale mara mbili na kuwaacha walewale nje.

Kamati yetu bado hutumia karatasi. Kilichobadilika ni mgongo wa nakala ya kwanza, ile inayobaki ofisini. Hapo, kabla nakala nyingine hazijatoka mlangoni, tunaandika kila mahali zitakapobandikwa: nguzo ya stendi, mlango wa zahanati, ukuta wa mashine ya kusaga, duka la kona, pande zote mbili za soko, mpaka mahali pa 11. Pembeni ya kila mahali kuna jina la mtu anayekaa karibu nalo, na jina la atakayepita kuzibandua. Mara ya mwisho tulipolazimika kuahirisha, kijana mmoja alichukua karatasi ile, akapanda baiskeli, na mshazari mwekundu wa karatasi ya manila ulikuwa umebandikwa kote kabla ya saa 4 asubuhi. Kwenye nguzo ya stendi alikuta mzee anasoma tangazo. Akamsubiri amalize, akamweleza, kisha ndipo akabandika.